Tawi la mjini na tawi la Fuoni si duka moja

Swali la msomaji:

"Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Fuoni. Mwaka wa nne huu manunuzi yangu ya mwezi nafanya kwenye supamaketi moja yenye matawi kadhaa hapa Unguja. Siku nikiwa mjini naingia tawi la mjini, siku nyingine la huku kwetu. Naipenda kwa usafi, bei zimebandikwa, na sisukumani na mtu. Lakini mwezi uliopita yamenikuta matatu. Mafuta ya kupikia yalikuwa na bei moja kwenye rafu na nyingine kwenye risiti. Mtindi ulivimba kifuniko na tarehe yake bado. Na kuku wa barafu nilipomyeyusha alitoa harufu. Yote tawi la huku. Mume wangu ananambia nirudi sokoni Darajani na kwa Mpemba mwenye duka la mtaani. Mama mkwe ndiyo kabisa, anasema supamaketi ni kujionesha. Nihame? Na kwa nini tawi la mjini halinisumbui hivi, wakati duka ni moja?"

Jibu:

Waaleikum salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana likishajibiwa hilo mengine yanajifungua. Duka si moja. Jina ni moja, sare za wafanyakazi ni moja, na bei kwa kawaida ni moja. Lakini wewe huli jina. Unakula kilichokaa kwenye rafu, na muda kilichokaa pale ndio unaotenganisha tawi na tawi.

Kazi ya kununua na kupokea mizigo ya maduka ya aina hii nimeifanya miaka 17, nikianzia kubeba maboksi. Sisi wa ghalani neno letu kubwa ni mzunguko: mali imeingia lini, itatoka lini. Isiyotoka tunasema imelala. Sasa chukua huo mtindi wako. Tuseme makopo 200 yametoka ghalani asubuhi moja, tarehe moja. Mia yamekwenda mjini, mia yamekuja Fuoni. Mjini watu wa maofisini wanaingia saa saba mchana kutafuta cha kushushia chakula, jioni wanapita wanaorudi makwao, na siku ya pili mtindi umekwisha. Fuoni, siku ya kumi bado yapo arubaini. Katika siku hizo kumi mlango wa friji umefunguliwa mara ngapi? Umeme umekatika mara ngapi? Mara ngapi kijana ameyatoa makopo akayaweka sakafuni apange upya, akaitwa mbele kusaidia kufungasha, akasahau? Tarehe iliyopigwa chapa kiwandani inachukulia kwamba mtindi umekaa kwenye baridi tangu siku ya kwanza. Haijui habari za Fuoni. Joto likipanda, vijidudu vya hamira vinafanya kazi ndani ya kopo, vinatoa hewa, kifuniko kinavimba. Tarehe haikukudanganya. Iliyovunjika ni baridi.

Na usidhani mjini ndiko kwenye salama siku zote. Bidhaa nyingine mzunguko wake ni kinyume. Jibini za Ulaya, nyama za makopo za bei mbaya na biskuti za kizungu zinategemea wageni na watu wa mahoteli. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, wageni wanapungua na vitu hivyo vinalala palepale mjini. Ukiona mwezi wa Aprili jibini imeshushwa bei nusu, furahi, lakini geuza utazame tarehe kwanza. Nepi na sabuni ya unga, kwa upande mwingine, huku kwenu zinatoka kuliko mjini, kwa sababu huku ndiko wanakolala watoto.

Kwa hiyo usinihesabie duka zima kuwa zuri au baya. Hesabu rafu. Mimi nikiingia supamaketi nisiyoijua nafanya mambo mawili kabla sijachukua toroli. Napitisha kidole juu ya makopo ya tungule: vumbi ni kalenda. Halafu natoa boksi la maziwa la mbele na la nyuma, nalinganisha tarehe. Kanuni ya kazi ni kwamba kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, kwa hiyo la mbele lazima liwe la tarehe ya karibu na la nyuma ya mbali. Nikikuta mpya limewekwa mbele na la zamani limesukumwa nyuma, najua kwamba tawi lile hakuna anayepanga, yupo anayejaza tu. Hapo kila cha baridi nanunua kwa wasiwasi.

Tukija kwenye kuku, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kwenye madhara. Mtindi uliovimba unauona, huuli. Kuku aliyeyeyuka akagandishwa tena anaweza kumlaza mtoto hospitali.

Unguja tunaletewa umeme kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Aliyekuwepo hapa Disemba 2009 anakumbuka waya ulipokorofika na kisiwa kikakaa kwenye giza mpaka Machi 2010. Maduka yaliyokuwa na jenereta yalipona, yasiyokuwa nayo yalitupa shehena au, kwa baadhi, hayakutupa, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Mwaka 2013 tukapata waya wa pili wa megawati 100, na Pemba nayo ina wake kutoka Tanga tangu 2010. Hali imekuwa nyingine kabisa. Lakini umeme wa kukatika kwa muda wa saa mbili au tatu bado tunao, na tawi dogo la nje ya mji jenereta yake mara nyingi inatosha taa na mashine za kulipia tu. Majokofu yanasubiri.

Nikusimulie lililonikuta. Tawi moja nililokuwa nalinunulia mali (jina nalihifadhi) lilikuwa linarudishiwa kuku kila wiki, na msimamizi anaapa kwamba jokofu halijazimwa hata dakika. Mlangoni mwa jokofu palikuwa na karatasi ya vipimo vya joto, kila saa imeandikwa nyuzi 18 chini ya sifuri, ndivyo inavyotakiwa. Jumaatatu mpaka Jumaapili, kalamu ile ile, mwandiko ule ule. Sikubishana naye. Nilichukua kikombe cha plastiki, nikatia maji, nikakigandisha, juu ya barafu nikaweka sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume, nikakificha nyuma ya mifuko ya samaki. Jioni ya Jumaamosi sarafu ilikuwa juu. Jioni ya Jumaapili barafu ilikuwa ngumu kama kawaida, safi, inang'aa, na sarafu ipo chini kwenye kitako cha kikombe. Maana yake usiku ule maji yaliyeyuka yote, sarafu ikazama, ndipo yakaganda tena. Kumbe mlinzi alikuwa ameambiwa azime swichi kubwa saa nne usiku ili bili ipungue, aiwashe alfajiri. Kwenye karatasi usiku ule uliandikwa nyuzi 18 chini ya sifuri, kama usiku mwingine wowote.

Wewe huwezi kuficha kikombe dukani, ingawa nyumbani kwako unaweza, na nakushauri ufanye. Dukani soma mfuko. Vipande vya kuku vilivyogandishwa kimoja kimoja ukiutikisa mfuko vinagongana kama kokoto; vikiwa vimeshikamana vikawa jiwe moja, vimeyeyuka njiani au hapohapo. Chembe za theluji nyingi ndani ya mfuko uliofungwa ni unyevu uliotoka kwenye nyama ukaganda nje yake. Maji mekundu yaliyoganda kwenye pembe moja yanakuonesha hata upande ambao mfuko ulikuwa umelazwa ulipoyeyuka. Na kuku mzima aliyechukua alama za waya za jokofu kwenye kifua, kama nyama ya mishkaki, alikuwa laini wakati fulani. Kuku wetu wengi wa barafu wametoka mbali, wengine Brazil, wamepita meli na bandari na malori; wakifika rafuni safari yao haivumilii kosa jingine.

Nikuulize na wewe, bila kukulaumu: siku ile baada ya kununua ulikwenda moja kwa moja nyumbani? Maana wengi tunachukua kuku kwanza, tunazunguka nusu saa na toroli, tunapanga foleni, tunasubiri daladala ijae, tunapita kwa shoga kumjulia hali. Vijidudu vinastawi kati ya nyuzi 5 na 60, na mchana wa Unguja upo katikati humo. Cha barafu chukua mwisho, kifunge kwenye gazeti, ukitie chini ya kikapu na vingine vya baridi juu yake.

Bei ya rafu na ya risiti. Hili linawaudhi watu kuliko yote, na mara nyingi si wizi, ni uvivu. Bei ya kwenye kompyuta inabadilishwa ofisini, kwa wakati mmoja, matawi yote. Bei ya rafuni ni kikaratasi, kinabadilishwa na kijana kwa mkono, kimoja kimoja. Tawi la mjini lina vijana sita wa kazi hiyo, la kwenu pengine wawili, na mmoja yupo ghalani. Bei ikipanda usiku, asubuhi kompyuta inajua, kikaratasi hakijui. Na kwa sababu bei za mafuta, sukari na ngano kwetu zinapanda mara nyingi kuliko kushuka, makosa hayo karibu yote yanaangukia upande wako. Ndiyo maana nasema uvivu, lakini uvivu unaomlipa mwenye duka hauna haraka ya kutibiwa.

Usigombane na binti wa kwenye mashine. Yeye anapitisha mistari ya kwenye paketi tu, bei haioni mpaka iandikwe. Mwite msimamizi, mwambie kwa upole, "Mwanangu, kwenye rafu nimeona hivi, hebu twende tukatazame pamoja." Mkifika pale kwenye rafu mbele ya wateja wengine, mara nyingi unalipa bei ya kikaratasi. Kama simu yako ina kamera, piga picha vitu vitatu au vinne vya bei kubwa kabla hujavitia kwenye toroli. Si lazima kila kitu. Ikiwa jambo linajirudia na msimamizi anakuzungusha, Zanzibar tuna Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, iliyowekwa na sheria namba 5 ya mwaka 2018, na kumlinda mtumiaji ni kazi yake. La chakula kilichoharibika lipo kwa Wakala wa Chakula na Dawa. Kote huko watakuuliza risiti. Hapo ndipo supamaketi inapomshinda Mpemba wa mtaani: imekupa ushahidi bila kuuomba.

Kwenye mafuta yenyewe angalia na jambo jingine. Dumu moja limeandikwa lita, jingine limeandikwa kilo, na yamesimama bega kwa bega kama ndugu. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo dumu la kilo 5 lina mafuta zaidi kuliko la lita 5. Na dumu kubwa si lazima liwe rahisi: gawa bei kwa lita, papohapo, kwa simu. Nimeona duka likiuza lita 3 mbili kwa pesa ndogo kuliko lita 5, na chenji ikabaki, kwa sababu tu lita 3 zilikuwa zimelala. Chenji nayo uipokee kwa pesa. Ukipewa pipi mbili badala ya sarafu, zirudishe. Siku ukienda wewe kulipa kwa pipi hawatazipokea.

Sasa mume wako. Ana haki, lakini ya nusu. Samaki, tungule, kotmiri, mbatata, ndizi za futari: hivyo supamaketi haiviwezi, na sisemi kwa ushabiki. Nimewahi kwenda mwenyewe alfajiri sokoni Mwanakwerekwe na gari ya duka, nikanunua matenga ya tungule kwa wachuuzi walewale anaonunua kwao mama ntilie, tukayafikisha dukani, tukazichagua, tukazitia kwenye visahani vyeupe na kuzivisha plastiki. Saa tatu asubuhi bei imeongezeka na tungule zimeanza kutoka jasho ndani ya plastiki. Mteja anasema "za supamaketi safi". Ni zilezile, ila zimechelewa kwa muda wa saa nne na haziwezi kubonyezwa. Fungu la marikiti unalizunguka kwa macho, unaomba la juu, unaongezewa moja.

Viungo sisemi sana. Mtu wa Unguja kununua mdalasini uliosagwa wa kwenye kichupa, umefungwa ng'ambo na kurudishwa, nitamsikiliza akiwa na sababu, lakini sijawahi kuisikia.

Kwa Mpemba wa mtaani unanunua kitu ambacho supamaketi haina rafu yake, nacho ni imani. Anakupimia robo ya sukari, anakuandika kwenye daftari mpaka mshahara utoke, na saa nne usiku mtoto akiumwa tumbo bado taa yake inawaka. Kwa kilo moja utalipa zaidi kwake, hilo ni kweli. Lakini ongeza nauli ya kwenda na kurudi supamaketi halafu hesabu tena. Kwa vitu vya siku kwa siku mara nyingi anashinda. Kwa mahitaji ya mwezi mzima anashindwa, na mchele wake wa polo lililo wazi utauchambua fukusi mwenyewe. Ila usidhani mchele wa mfuko wenye lebo ya duka ni mpya: tarehe iliyopo pale ni ya kufungwa. Polo lenyewe linaweza kuwa limekaa ghalani tangu msimu wa kabla.

Supamaketi basi iachie vilivyofungwa na vinavyotoka kwa wingi: sabuni, nepi, ngano, tambi, majani ya chai, maziwa ya unga ya mtoto (tazama na kitako cha kopo, lisiwe na kishimo wala kutu kwenye mshono). Vitu vya Ramadhani nunua Shaabani, wiki mbili kabla, mali ikiwa imeshashushwa na watu hawajajaa. Vya baridi kama unavipenda vya pale, nunua tawi la mjini, siku ambayo upo huko kwa shughuli nyingine, na uombe wakwambie mzigo mpya unashushwa siku gani. Wanajua, na wengi watakwambia, hakuna siri.

Jambo moja hukuniuliza, lakini mteja wa miaka minne anapaswa kulitazama. Rafu zikianza kuwa na mapengo, au bidhaa moja ikatandazwa mita tatu ili kuficha kwamba nyingine hazipo, duka linadaiwa na wauzaji wake. Nakumatt ya Kenya ilikuwa na matawi zaidi ya 60 Afrika Mashariki, ikafika hata Bara ilipochukua maduka ya Shoprite mwaka 2014. Mwaka 2017 wateja waliona rafu tupu kabla mahakama haijasikia lolote, na Januari 2020 ikavunjwa rasmi. Tawi la kwenu likifika huko, usinunue kadi zao za zawadi wala usiache pesa yako kwao kwa ahadi ya mzigo ujao.

Mama mkwe mwache na maneno yake, ila siku ya samaki mchukue mkaende naye Darajani. Anavyofunua shavu la changu na kulinusa, hakuna mashine ya dukani inayoweza.

Na ule mtindi uliovimba, kama bado unao, usiufungue wala usiutupe. Uupeleke vilevile, na risiti, asubuhi, kabla msimamizi hajachoka na watu.